NG'OMBE WA MASKINI HAZAI: NANI ALISEMA?



Ziko methali zinazofundisha, na ziko methali zinazowalaza watu usingizi. Ile isemayo kwamba ng'ombe wa maskini hazai ni ya namna ya pili. Anayeitamka hukunja mikono, anayeisikia hutikisa kichwa kwa huruma, na hapana anayeuliza ng'ombe huyo alilala wapi, alikunywa nini, ni nani aliyemkatia majani, na ni kwa nini ilichaguliwa ng'ombe badala ya mbuzi au kuku.

Sisi wa Tume ya Haki na Amani tunasema kwamba hapa Kemambo ng'ombe wa maskini hazai kwa sababu zinazojulikana, na karibu zote ni kazi ya mikono ya wanadamu. Tumeliona jambo hili mara nyingi mno. Familia inalipwa fidia ya shamba lake. Baba anakwenda mnadani, anarudi na ng'ombe kumi au kumi na watano, na jirani wanakuja kumpongeza. Shamba halipo tena, malisho hayapo, lakini ng'ombe wapo, na kwa muda wa msimu mmoja mzee huyo anaitwa tajiri. Kisha kiangazi kinaingia. Wawili wanakufa kwa ndigana, watatu wanauzwa kwa bei ya hasara ili kulipia dawa za waliobaki, mmoja anaingia shamba la mtu na kuzua kesi, na waliosalia wanaibwa usiku. Ndipo methali ile inapotolewa kabatini.

Tuanze na ardhi, maana ufugaji huanza na ardhi kabla haujaanza na fedha. Sisi tunaishi kati ya kuta tatu. Upo mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, ambao mashimo yake ya Nyabirama, Nyabigena na Gokona, pamoja na vilima vya mawe ya mabaki, vimekalia mahali ambapo zamani mifugo ya Nyamongo ilikuwa ikilisha. Upo Mto Mara, na ng'ambo yake ni Wilaya ya Serengeti, ambako wenzetu nao wanatafuta malisho kama sisi. Na upande wa mashariki ipo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo mgogoro wake wa mipaka na vijiji vya Tarime kama Kegonga na Nyandage unajulikana na kila mfugaji. Ng'ombe akivuka kigingi, mwenyewe aweza kumwona tena siku ya mnada wa Serikali tu. Ndani ya kuta hizo watoto wanazaliwa, wanakua, wanaoa, na kila mmoja anataka kiwanja.

Wengine wetu wameijibu hali hii kwa kutegesha. Neno hili halihitaji tafsiri Kewanja wala Kerende: ni kupanda miche iliyobanana kama nywele, na kuinua kuta za nyumba isiyolaliwa na mtu, ili mthamini atakapopita vihesabiwe. Hatusemi kwamba anayetegesha ndiye mkosaji wa kwanza. Wa kwanza ni utaratibu uliomfundisha mkulima kwamba mche unaohesabiwa una thamani kuliko mche unaokua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Mtu aliyefanyiwa uthamini, akaambiwa asiendeleze eneo lake, akakaa akisubiri malipo msimu baada ya msimu, huyo amenyang'anywa shamba mara mbili. Lakini tuseme pia upande wa pili, hata kama wengine watanung'unika: ekari moja iliyotegeshwa kwa miaka mitano ni ekari ambayo watoto wa nyumba hiyo hawakula kitu kutoka kwake kwa miaka mitano.

Mkumbuke lililotokea Machi 2022. Maji ya Mto Mara katika eneo la Kirumi yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati iliyoundwa na Serikali chini ya Profesa Samwel Manyele ilitoa taarifa kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe, pamoja na mimea iliyooza, vilivyopunguza oksijeni majini. Taarifa hiyo ilipingwa na wengi, tena kwa ukali. Watu wa huku walikuwa na sababu ya kuitilia shaka, kwa kuwa hawajasahau Mei 2009, maji yenye asidi yalipovuja kutoka mgodini na kuingia Mto Tigithe. Wananchi walilalamikia madhara kwa watu na kwa mifugo, na wenye mgodi wakati ule walikiri kuvuja huko, wakakanusha madai ya vifo.

Hatuirudii taarifa ya mwaka 2022 ili kuitetea wala ili kuizika. Tunataka waamini waone jambo moja lililopitwa katika kelele zile. Ng'ombe aliweza kupandishwa kizimbani kwa sababu ni kweli kwamba alikuwa mle katika ardhi oevu, yeye na maelfu wenzake, na alikuwa mle kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kumpeleka. Mwenye kundi asiye na malisho hubebeshwa lawama ya kila kitu kinachoharibika, iwe ya haki au ya uonevu, naye hana ushahidi wa kujitetea.

Sasa tufanye hesabu, maana hesabu haina ukoo. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 huhitaji kila siku malisho ambayo yakikaushwa ni kilo 6 hivi. Ng'ombe kumi ni kilo 60 kwa siku, na kwa mwaka ni karibu tani 22. Mwenye ekari mbili za mahindi, hata akiyakusanya mabua yote pasipo kuacha hata moja la kurutubisha udongo, hafikii robo ya kiasi hicho. Robo tatu zilizobaki zitatoka wapi? Zitatoka kwa jirani, au hifadhini, au kando ya mto, au katika mwili wa ng'ombe mwenyewe, ambaye atakonda, atakosa maziwa, na atakaa miaka miwili au mitatu bila kushika mimba. Hapo ndipo asipozaa. Umaskini wa mwenyewe haukumfunga tumbo. Aliyemfunga tumbo ni njaa.

Nao wale wanaotushauri tuwaache hawa wa kienyeji na tununue ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara mwenye uzito wa kilo 400, hawajatueleza habari yote. Chotara huyo hula kilo 40 au zaidi za majani mabichi kwa siku, na akiwa anakamuliwa hunywa lita 50 na kupita. Hizo ni karibu ndoo tatu za lita 20. Ni nani atakayezibeba ndoo hizo? Sote twamjua. Ni binti mwenye umri wa miaka kumi na miwili, kabla hajaenda shule, au badala ya kwenda shule. Mradi wa maziwa unaoanza bila kisima, bila tangi na bila mabati ya kuvunia maji ya mvua, umeanza kwa kumtoza kodi mtoto ambaye hakuulizwa.

Hapa wazee wetu watakasirika, nasi tunaomba watusikilize mpaka mwisho wa aya. Kwa Wakuria ng'ombe ni zaidi ya nyama na maziwa. Ng'ombe ni ndoa, ni undugu, ni heshima ya ukoo. Ng'ombe waliotolewa kwa binti ndio wanaomwoza kaka yake, na kwa njia hiyo nyumba mbili hufungamana kwa vizazi. Hatudharau hata kidogo hekima iliyomo humo. Lakini hekima hiyo ilizaliwa wakati mbuga zilikuwa wazi. Leo, baba aliyebakiwa na ekari moja na nusu, akiwa na vijana watatu wanaotaka kuoa, haoni njia nyingine ya kupata ng'ombe isipokuwa mbili: kuiba, au kumwoza binti mapema. Ya kwanza imezijaza damu njia za koo kwa koo, hata Serikali ikaunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Tarime na Rorya. Ya pili hufanyika kimyakimya, na kisu cha mwezi wa Desemba hutangulia mbele yake, kwa kuwa aliyekeketwa huhesabiwa kuwa tayari kwa mahari. Ukeketaji wa mtoto wa kike umekatazwa na sheria tangu mwaka 1998. Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani mwezi Oktoba 2019, zilitamka kwamba vifungu vinavyomruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka kumi na minane vinapingana na Katiba. Na bado kila msimu mabinti wanakimbilia kituo cha Masanga usiku, wengine bila viatu. Msiseme basi kwamba uchaguzi wa mfugo ni habari ya bwana mifugo peke yake. Pale ambapo utajiri wote wa nyumba ni ng'ombe, binti naye huhesabiwa zizini.

Twafanyaje? Sisi hatuhubiri kwamba ng'ombe afukuzwe Kemambo. Jozi ya maksai waliofundishwa vema hulima shamba la mwenyewe na la jirani kwa malipo, huvuta mkokoteni, nayo samadi yao hurudi shambani. Jozi hiyo inakula kwa jasho lake. Tunachopinga ni kundi la kuhesabiwa, kundi lisilolima, lisilokamuliwa, lisilouzwa mpaka siku ya msiba.

Familia changa yenye ekari moja au mbili tungeishauri ianze na majani, tena mwaka mzima kabla ya kununua mnyama. Mabingobingo yapandwe kwenye kingo za makinga maji, ambako mahindi hayastawi. Lusina au kaliandra ipandwe mpakani, ipate kuwa ua, kuni na chakula cha mifugo kwa pamoja. Yule anayesema hana mahali pa kupanda majani, huyo amekwisha kujijibu kuhusu ng'ombe.

Baada ya hayo, kuku. Twajua mtacheka. Mwanamume wa Kikuria kuitwa mfugaji wa kuku ni kama kutukanwa. Lakini kuku wa kienyeji huatamia siku 21, huhitaji mtaji mdogo kuliko mnyama yeyote, na mapato yake huonekana kabla ya muhula wa shule kwisha. Kinachomwua ni kideri, na kideri kina kinga: tone moja la chanjo katika jicho moja, kwa mkubwa na kwa kifaranga, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Chanjo hiyo hutengenezwa hapa hapa Tanzania. Mwezi Juni 2025 Serikali ilizindua kule Bariadi kampeni ya taifa ya chanjo ya mifugo, ikatangaza kwamba kuku watachanjwa bila malipo. Viongozi wa jumuiya waulize ofisi ya kata kampeni hiyo imefika wapi kwetu, na wasikubali jibu la mdomo. Jambo la pili linalowamaliza vifaranga ni mwewe na njaa katika majuma ya mwanzo. Tenga la matete lenye mfuniko, pumba kidogo, mchwa na maji safi, vitaokoa wengi kuliko dawa yoyote ya dukani. Jambo la tatu ni wageni wa baba, lakini hilo tutalirudia.

Kisha mbuzi. Mbuzi watano au sita hula kiasi cha ng'ombe mmoja. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, aghalabu huzaa pacha, na akitunzwa huzaa mara tatu katika miaka miwili. Ng'ombe hubeba miezi tisa kwa ndama mmoja. Akifa mbuzi mmoja kati ya watano, nyumba imepata hasara. Akifa ng'ombe mmoja aliyekuwa wa pekee, nyumba imeanguka. Karo ikidaiwa, mbuzi mmoja huuzwa na wenzake hubaki, wakati ng'ombe hauziki mguu. Wanaotaka maziwa wapate beberu chotara wa Toggenburg au Saanen, walimiliki kwa zamu katika jumuiya, na majike wao wa kienyeji watazaa machotara wanaotosha kumpa mtoto kikombe cha maziwa asubuhi na jioni. Wajengewe banda lililoinuliwa juu ya ardhi, lenye sakafu ya fito, samadi idondoke chini, ikusanywe kwa bustani. Na wachanjwe dhidi ya sotoka ya mbuzi, ambayo ikiingia kijijini hufagia.

Yasemwa kwamba mbuzi huharibu mimea. Aliyeachwa azurure, ndiyo, huharibu, wala hakuna mti mchanga utakaopona. Ndiyo maana tumetangulia kusema majani na banda. Yasemwa pia kwamba mbuzi huibwa. Huibwa, lakini hatujapata kusikia kwamba koo mbili zimechomeana nyumba kwa ajili ya mbuzi.

Kuhusu nguruwe tutasema machache: huzaa sana na huuzika haraka, lakini homa yake haina tiba na hapa kwetu haina chanjo ya kutegemea, naye hushindana na watu kwa mahindi. Tena jirani zetu Wasabato ni wengi, na amani ya ujirani ni mali pia. Anayemfuga amfungie.

Mashirika na wafadhili nao tuna neno nao. Utaratibu wa kukopa ng'ombe na kulipa ng'ombe, ambapo familia hupewa mtamba na kumrudisha ndama jike wa kwanza kwa familia nyingine, ni utaratibu mzuri tunaouheshimu, na wenzetu Waanglikana kwa kituo chao cha Mogabiri wamefanya kazi kubwa ya kuwafundisha wakulima wa Tarime. Lakini tumeona pia miradi inayokuja na mnyama ndani ya lori, na picha, na hotuba, kabla haijauliza majani yako wapi na josho liko wapi. Mtamba wa kisasa asiyeogeshwa kila juma katika nchi yenye kupe kama hii ni zawadi ya majuma machache. Ipo chanjo ya ndigana kali, ambayo mnyama huchanjwa mara moja maishani. Mfadhili asiyeilipia pamoja na mnyama asitupe mnyama. Papa Yohane wa Ishirini na Tatu, katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, aliitetea familia ya wakulima na haki yake ya kupata mapato yanayoiwezesha kuishi kwa heshima. Hakuandika kwamba familia hiyo iwe mahali pa kupigia picha.

Tumeahidi kulirudia jambo la wageni wa baba. Nabii Nathani alipokwenda kumkemea Mfalme Daudi, alimsimulia habari ya maskini aliyekuwa na mwanakondoo mmoja wa kike, aliyelelewa nyumbani pamoja na watoto, na tajiri akamchukua ili amwandalie mgeni wake. Tunaposoma habari hiyo kanisani, kila mtu anamfikiria tajiri wa mbali. Katika vijiji vyetu tajiri huyo mara nyingi analala nyumba ile ile. Mama anaweka hisa katika kikundi kwa mwaka mzima, ananunua mbuzi jike, anamkatia majani, anamtibu, mbuzi anazaa. Siku moja anarudi kutoka kisimani anakuta kamba. Mbuzi amekwenda kujazia mahari, au kulipa faini ya ritongo, au amekuwa kitoweo cha wageni. Akiuliza, anajibiwa kwamba mke mwenyewe alitolewa ng'ombe, basi mali yake ni mali ya nani?

Jibu la swali hilo lipo, na linapaswa kusomwa katika kila jumuiya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba ndoa haibadilishi umiliki wa mali: cha mke kinabaki cha mke. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ikiwa kupika na kulea ni mchango, sembuse kukata majani na kubeba ndoo tatu? Mahari iliunganisha nyumba mbili. Haikuandika hati ya kumnunua mtu. Kwa hiyo baba anayemwuza mbuzi wa mkewe bila idhini ameiba, na neno hilo tumelichagua kwa makusudi, tukijua kwamba baadhi yao wanakaa viti vya mbele siku ya Dominika.

Basi tunawaomba Baraza la Walei, WAWATA na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wafanye haya mwaka huu. Kila jumuiya iwe na daftari la mifugo, likionyesha mnyama, jina la mwenyewe, na tarehe za chanjo. Mbuzi wa mama aandikwe kwa jina la mama, mbele ya mumewe, naye mume atie sahihi. Wajumbe wa serikali za vijiji walio waamini wetu waulize hadharani, katika mkutano mkuu, ni sehemu gani ya mrabaha na fedha nyingine za mgodi imekwenda kwenye majosho, malambo na dawa za mifugo. Familia zinazongoja fidia zije na nakala za fomu zao za uthamini. Tutazikusanya parokiani, kijiji kwa kijiji, pamoja na tarehe, tuzipeleke kwa Mkuu wa Wilaya kwa pamoja, maana fomu moja hupotea mezani na fomu mia mbili hazipotei kwa urahisi.

Na wale wazee walioapa kwamba mbuzi hawezi kuingia katika mahari, tunaomba kuonana nao. Tutakuja sisi kwao, chini ya mti wao, siku watakayoitaja.

Tume ya Haki na Amani